Watangulizi Kumi na Wawili wa Mkaguzi

Mkaguzi hakuwahi kupokea kitu kwa mkono wa kulia bila kukipapasa kwa wa kushoto. Mkate, bahasha, chenji ya dukani, hata pole za msibani: vyote alivigeuza kwanza upande wa pili auone mshono. Marehemu mumewe, mtu mpole kupita kiasi, alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile mtu akitoka bafuni huulizwa alikokuwa na nani anaweza kuthibitisha.

Jina hilo la Mkaguzi lilitokana na kazi. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya mama aliyeshona mapazia. Akiwa na miaka sita alimtungia mama uzi kwenye sindano. Akiwa na kumi na tisa aliingia kiwanda cha nguo, akafunga na kukunja kwa miaka minne, kisha akapelekwa meza ya ukaguzi. Alisimama hapo miaka ishirini na saba. Meza yenyewe ni ubao mrefu ulioinama, una taa chini yake. Jora la kitambaa hufunguka upande huu na kujiviringisha upande ule, na katikati husimama mtu mwenye chaki. Wenzake walitazama. Yeye alifumba macho. Alilaza vidole vinne juu ya kitambaa kinachopita, na penye uzi wa mtande uliokatika, au fundo dogo kama punje ya chumvi, mkono ulisimama wenyewe kabla akili haijaambiwa. Msimamizi alipenda kuwaonyesha wageni jambo hilo. Mkaguzi hakupenda kuonyeshwa; kila mara alijiuliza wale wageni wamekuja kutafuta nini hasa.

Mume alipofariki, na mama akamfuata mwaka uliofuata, damu ya karibu iliyombakia ilikuwa moja tu: mdogo wake wa kiume, ambaye watu walimwita Fundi Saa. Huyu alikuwa na kibanda cha vioo chini ya ngazi za jengo la ofisi, ambamo alitengeneza saa za mkononi kwa kibano na subira. Ndiye aliyemwambia, siku ya arobaini na kitu tangu mazishi ya mama, "Dada, njoo Jumamosi ukae na watu. Kuta hazijibu." Akampeleka chumba cha juu cha duka la vifaa vya shule, ambako yeye na wenzake wawili walicheza kadi kila Jumamosi mchana, naye Mkaguzi akawa wa nne. Tangu hapo ndugu hao wawili hawakuwa na mahali pengine pa kuonana. Wiki nzima kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Jumamosi ndiyo iliyokuwa undugu wao.

Mchezo wenyewe si ule wa karata za shupaza na kopa. Kila mchezaji hujitengenezea fungu lake la kadi arobaini, ambalo pale mezani waliliita jeshi, lenye viumbe na mbinu za kuwaua viumbe. Huanza na kadi saba mkononi na uhai ishirini. Kila zamu mchezaji huongezewa pumzi moja, na kiumbe huitwa kwa pumzi: wa pumzi moja hutoka zamu ya kwanza, wa pumzi tano husubiri zamu ya tano. Kiumbe anayeshambulia hulazwa ubavu juu ya meza, halafu husimamishwa zamu ifuatayo. Wapo wanaojenga jeshi la subira, wakingoja majitu yao makubwa. Mkaguzi hakuwa na subira hiyo. Kumpa mtu muda, kwa maoni yake, ni kumpa nafasi ya kupanga njama. Jeshi lake lilikuwa la shambulio la mapema, na roho ya jeshi la namna hiyo ni viumbe wa pumzi moja, ambao yeye aliwaita watangulizi.

Mwaka huo toleo jipya la kadi lilitoka, na kila mmoja akalazimika kupanga upya. Mkaguzi na mdogo wake walifika mapema wakatandaza kadi mezani.

"Nyigu wanne," alisema Mkaguzi. "Hao hawana mjadala."

"Nyigu anauma mbili, lakini ukimpulizia tu, kafa."

"Aume kwanza, afe baadaye. Mtangulizi si mjukuu kwamba nimlee."

"Haya. Na Nguchiro?"

"Wanne. Anauma mbili, uhai wake mbili. Tatizo lake moja, kila zamu lazima ashambulie, atake asitake."

"Kama shangazi."

Mkaguzi alicheka, jambo ambalo halikutokea kila wiki. Wakabaki na nafasi nne. Mdogo mtu alimpendekezea Kicheche, anayeuma moja tu lakini adui hawezi kumzuia. Mkaguzi akamtaka Siafu, ambaye peke yake si kitu, ila kila mwenzake akiwapo mezani huongezeka nguvu. Akaweka Siafu wanne. Jumla kumi na wawili.

"Ongeza wawili wawe kumi na wanne," alisema Fundi Saa. "Toa hizo mbinu mbili za Radi. Jeshi la haraka likikosa mtangulizi zamu ya kwanza ni pikipiki isiyowaka asubuhi. Watu wanakupita na baiskeli."

"Kumi na wawili wamenitosha siku zote. Sijawahi kukosa."

"Hujawahi?"

"Hata mara moja."

Fundi Saa alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akaanza kukusanya kadi zake taratibu, akizigongagonga mezani zilingane. Kimya kile Mkaguzi alikiona. Akakikunja, akakiweka.

Siku hiyohiyo mambo yakaanza kwenda kombo. Mpinzani wake alikuwa Karani, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, mwenye daftari ambamo aliandika kila mchezo uliochezwa mezani pale: tarehe, nani kamshinda nani, kadi gani ilitangulia. Kwa miaka mitatu Mkaguzi alikuwa amemkimbiza mzee huyo kama kuku. Sasa ghafla akawa hakimbiziki. Mkaguzi akiwa na watangulizi watatu mkononi, Karani alitulia tuli, akamwacha awashushe wote, kisha akatupa Wavu, kadi inayofagia wanyonge kwa mara moja. Akiwa na mmoja tu, Karani alimuua huyo mmoja papo hapo, bila kusita, kana kwamba ameambiwa hakuna mwingine nyuma yake.

"Leo una bahati, Mzee," Mkaguzi alimwambia.

"Bahati ni kuzaliwa, mama. Mengine ni kutazama."

Kutazama nini? Nyuma ya kiti chake Mkaguzi palikuwa na kabati la vioo la Mwenye Duka, mama mnene mcheshi aliyekuwa mwenyeji wao na mchezaji mwenzao. Jumamosi ya pili Mkaguzi alihama kiti, akakaa na mgongo ukutani, mwanga wa dirisha ukimwangukia mikononi. Akapigwa vilevile, tena vibaya zaidi. Si kabati, basi. Ni mtu. Na mtu aliyejua jeshi lake kadi kwa kadi alikuwa mmoja.

Wiki ile kiwandani majora yalipita chini ya vidole vyake naye akiwaza kimya cha mdogo wake. Kwa nini alimshauri aongeze wawili? Kumchelewesha. Kwa nini alitaka Kicheche, anayeuma moja? Kumdhoofisha. Kila uzi alioushika ulimpeleka kibandani chini ya ngazi. Akaamua kutega. Alimpigia simu, akamwambia, kama mtu anayepitisha maneno tu, kwamba amewatoa Nyigu wote na kuweka Kicheche. Hakuwa amemtoa hata mmoja, wala hakumwambia mtu mwingine.

Jumamosi ya tatu Karani alipokuwa akivuta kiti alisema, "Nasikia Kicheche ni mzuri sana toleo hili."

Toleo lote lilikuwa na kadi mia moja na ishirini, na meza ile ilikuwa ikizijadili mwezi mzima. Kutaja mojawapo hakukuwa ushahidi wa chochote. Mtu mwingine yeyote angeitikia na kuketi. Mkaguzi hakuketi.

"Umemwambia," alimgeukia mdogo wake.

"Nimemwambia nini nani?"

"Usinichezee. Kicheche nilikutajia wewe peke yako. Nilikuwa nasema ni kabati, ni kioo, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Umeniuza."

Mwenye Duka, aliyekuwa akimimina chai, aliishikilia birika hewani. Fundi Saa hakupandisha sauti, hakuwahi kuipandisha.

"Dada," alisema, "miaka arobaini na sita nakusikia ukishuku watu. Ulimshuku muuza maziwa, ukamshuku daktari wa mama, ukamshuku shemeji mpaka siku aliyokufa. Nilikuwa najiambia, zamu yangu itafika." Akachukua kadi zake, akazifunga kwa mpira. "Imefika. Tangu leo mimi na wewe ni salamu tu. Tena za mbali."

Ngazi za duka lile zilikuwa kumi na saba. Walizisikia zote.

Mwenye Duka aliweka birika chini kwa kishindo. "Mzee, mwambie ulichoniambia. Mwambie sasa hivi, au namwambia mimi."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama Mkaguzi, naomba jeshi lako."

"Hakuna anayegusa kadi zangu."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa sheria. Kwingine mchezaji akishachanga kadi zake, mpinzani hulikata fungu lake mara mbili ili kusiwe na maneno. Mezani pale hawakukatiana. Mkaguzi ndiye aliyeileta sheria hiyo mwaka wake wa kwanza: mkono wa mtu mwingine juu ya kadi zake ulimkosesha raha. Wenzake, kwa kumhurumia mfiwa, walikubali, na baadaye ikawa adabu ya meza.

"Basi zitandaze mwenyewe," alisema Karani. "Migongo juu. Hapa dirishani."

Akazitandaza. Zote zilikuwa katika vifuko vyake vya plastiki nyeusi, vile ambavyo wachezaji huvalisha kadi zisichakae. Karani alishika penseli, akainama, akaanza kugusa kwa ncha. "Huyu. Huyu. Huyu hapa. Na huyu." Aligusa kumi na wawili, akaweka penseli sikioni. Mkaguzi akafunua wa kwanza: Nyigu. Wa pili: Siafu. Wa tatu: Nguchiro. Alipofika wa kumi na mbili hakuwa na haja ya kumfunua, lakini alimfunua, kwa kuwa hakuwahi kuamini jora lisilofunguliwa hadi mwisho.

"Kona ya chini, kushoto," alisema Karani. "Watangulizi wako hutoka kwanza na kushambulia kila zamu. Kila shambulio unawashika hapo kwa dole gumba na kuwalaza ubavu. Wengine wanalazwa mara moja, mara mbili, mchezo umekwisha. Vifuko vya hawa ni miaka mitatu vinalazwa; kadi hubadilika, lakini watangulizi unawavalisha vilevile. Weusi umetoka. Ukiwashika mkononi mbele yangu, mwanga ukiwapiga, nawahesabu kama vifungo vya shati. Mdogo wako hajaniambia neno. Nimekuwa nikikusoma mwenyewe, wiki tatu hizi, na kwa hilo nina hatia. Nilipaswa kusema siku ya kwanza."

"Na kwa nini hukusema?"

Mzee alifungua daftari. "Kwa sababu nilitaka kujua kama wewe unajua."

"Najua nini?"

"Jeshi lenye watangulizi kumi na wawili, kwa hesabu, hukosa mtangulizi katika kadi saba za kwanza mara moja kwa kila michezo kumi na sita. Tangu mwaka jana umecheza michezo sitini na mitatu hapa. Ungekosa mara nne. Haya, tuseme tatu. Hujakosa hata mara moja."

"Unaniita mwizi, Mzee."

"Nakuuliza swali. Miaka thelathini nimeandika maswali ya mahakama. Swali si hukumu." Akafunga daftari. "Mimi nawaona kwa macho, tena mpaka niwe na dirisha. Lakini mimi sina vidole vyako."

Mkaguzi alikusanya kadi zake, akashuka ngazi bila kuaga. Njiani alimshuku Karani, akamshuku Mwenye Duka aliyeuza vifuko vile, akamshuku hata aliyevitengeneza. Kufikia mlangoni kwake walikuwa wamemwishia.

Asubuhi ya Jumapili alikaa mezani jikoni, akafumba macho, akachanga kadi kama alivyozichanga siku zote, akachukua saba za juu. Nyigu, Siafu. Akarudia. Nguchiro. Akarudia mara ishirini, na mara zote ishirini walikuwapo, mmoja au wawili au watatu, kama watoto wanaoitika majina yao. Kisha akavua vifuko vyote, akavalisha vipya alivyokuwa navyo kabatini, akachanga tena kwa mikono ileile. Mara ya tano, patupu. Mara ya kumi na nane, patupu.

Alikaa akiitazama mikono yake juu ya kitambaa cha meza. Hakuwa amekusudia, angeapa kwa kaburi la mama. Lakini katika kuchanga, mahali fulani kati ya kidole na kidole, mkono ulikuwa ukisimama wenyewe penye kasoro, kabla akili haijaambiwa, kama ulivyofundishwa miaka ishirini na saba. Na yeye, aliyemkagua kila aliyepita mbele yake, hakuwahi kuupitisha mkono huo juu ya taa. Hata watangulizi wenyewe, wale aliojivunia kuwachagua, hakujua tena kama ni wazuri. Hawakuwahi kujaribiwa kwa haki.

Jumatatu, saa ya mapumziko ya mchana, alisimama mbele ya kibanda cha vioo. Fundi Saa alikuwa na kioo cha kukuzia jichoni na saa ya kike iliyofunguliwa tumbo.

"Shikamoo, Dada," alisema bila kuinua kichwa. Salamu tu, kama alivyoahidi.

"Marahaba." Akapitisha vifuko kumi na viwili vitupu chini ya kioo. "Angalia kona."

Aliviangalia kimoja kimoja kwa kioo kilekile cha saa. Alichukua muda. Mkaguzi akamweleza yote, daftari la Karani na mara ishirini za jikoni, akisema polepole, kama mtu anayesoma orodha ya kasoro zake mwenyewe kwa msimamizi.

"Si wewe," alimaliza. "Ni mimi. Au ni mikono. Sijui kama kuna tofauti."

"Siku ile uliposema hujawahi kukosa," alisema mdogo wake, "nilijua kuna kitu. Saa isiyokosea hata sekunde mwaka mzima, mimi siiamini."

"Ukanishuku?"

"Kidogo."

"Halafu?"

"Halafu nikaacha."

"Uliachaje?" Aliuliza kwa dhati, kama anayeuliza dawa.

Fundi Saa alifikiri. "Sikumbuki. Nilikuwa na saa ya mtu mkononi. Nikaendelea na kazi."

Mkaguzi alitikisa kichwa, kwa kuwa jibu hilo halikumsaidia. Kisha akasema alichokuja kusema. "Jumamosi njoo. Wewe ndiye utakayenichangia kadi."

Hapo ndipo kioo kilipotoka jichoni. "Mtu aguse kadi zako?"

"Si mtu. Wewe."

Jumamosi alikuja. Jeshi lilikuwa na vifuko vipya na watangulizi kumi na wanne: Radi mbili zilitoka, Kicheche wawili wakaingia. Mwenye Duka alimimina chai akasema, "Leo msivunjiane vikombe, ni vya mkopo wa dada yangu." Karani alinoa penseli. Fundi Saa akachukua kadi za dada yake, akazichanga muda mrefu, kwa vidole vile vilivyoweza kuweka springi nyembamba kuliko unywele mahali pake, akamwekea mbele.

Mkaguzi alichukua saba. Akazifungua.

Hakukuwa na mtangulizi hata mmoja. Nyigu hayupo, Nguchiro hayupo, Siafu, Kicheche, hakuna. Kwa kumi na wanne, Karani alikuwa amekwisha kuwaambia, jambo hilo hutokea mara moja katika ishirini na nane. Na limetokea leo, mara ya kwanza kabisa mezani pale, baada ya mikono ya mdogo wake kuzigusa kadi.

Shaka ileile ikamrudia. Mdogo wake bado ana hasira. Ana vidole. Alikuwa na sababu. Mkono wake wa kushoto ulishaanza safari kuelekea fungu la kadi, kulipapasa, kulisoma kona. Ulifika katikati ya meza. Mdogo wake aliuona. Hakuondoa macho.

Mkaguzi aliutazama mkono huo kama mtu anayemtazama mgeni sebuleni. Kisha akaurudisha, akaukalia.

"Napita," alisema.

Karani aliandika. Mchezo uliisha zamu ya saba, naye alipigwa kama ngoma. Aliposhindwa alikusanya kadi zote arobaini, akazigongagonga zilingane, akazisukuma kwa mdogo wake bila kuzigeuza upande wa pili.

"Changa tena," alisema.